Gambuti za Baba Imelda

Ko. Ko. Ko.

Gambuti zinagongwa kwenye kizingiti.

Saa kumi na moja alfajiri, giza bado, mvua ya masika imepumzika kidogo. Mlango wa jirani. Kati yangu na yeye ni ukuta mmoja wa tofali ambao hata haujafika kwenye bati.

Baada ya gambuti, kikohozi. Kizito, cha mwanaume. Halafu mlango unafungwa, halafu kimya.

Kwa karibu miezi mitatu sauti hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuamkia. Nikiisikia najua Nestory, jirani yangu, karudi kutoka kwenye duara. Duara ni shimo la dhahabu, wanaloshuka usiku na kutoka asubuhi. Anakung'uta tope, anaingia, analala.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hakuna hata alfajiri moja kati ya hizo ambayo Nestory alikuwepo.

Naitwa Eunice. Hapa mtaani wananiita Mama Magige. Kwetu ni Itiryo, hapa hapa wilayani Tarime, ila nyumbani pakawa hapakaliki baada ya kupata mimba nikiwa kidato cha pili. Baba yake Magige aliniambia anaenda Sirari mara moja kutafuta kazi. Hiyo mara moja haijaisha mpaka leo.

Nikahamia Kemambo, kwenye mtaa wa wachimbaji. Nyumba ndefu ya vyumba sita, kila mlango na watu wake. Mwaka juzi, wakati haya yanatokea, Magige alikuwa na miaka minne.

Kazi yangu ilikuwa kupika uji shule ya msingi. Na siku tatu kwa wiki, jioni, nilirudi shule ile ile, nikakaa kwenye yale yale madawati ya watoto, magoti yakigonga juu, nikasoma. Masomo ya jioni. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Beatrice, ambaye mchana anafundisha darasa la tano.

Nilikuwa na ndoto zangu. Bado ninazo.

Lakini niseme ukweli, nilikuwa mpweke.

Upweke wa mtaa wa machimbo ni wa aina yake. Watu wamejaa, ila hakuna wa kwako. Leo mmechota maji pamoja, mmecheka, kesho unasikia kahamia kwenye rashi nyingine, machimbo mapya, na hata jina lake kamili hukulijua. Mimi Mkurya nilikuwa kama mgeni kwenye nchi yangu mwenyewe.

Ndiyo maana nilizipenda zile gambuti.

Mwanamke anayeishi peke yake na mtoto, mlango wake una komeo la msumari, akisikia mwanaume mtaratibu ukuta wa pili, analala. Wakati mwingine nilikuwa nasema kwa chini, "Umerudi salama jirani?"

Najibiwa na kikohozi.

Nikaona kile kifua kimemzidi. Vumbi la mawe lile. Nikamfungia tangawizi kwenye karatasi, nikampa binti yake Imelda. "Mwambie baba achemshe, anywe ya moto."

Kesho yake Imelda ananiambia, "Baba amesema asante, imemsaidia."

Imelda alikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano. Mdogo wake Domitila alikuwa na sita, ndiyo kwanza kaanza la kwanza. Mama yao alishafariki huko walikotoka, upande wa Kagera. Nestory aliwaleta Januari, akawaandikisha shule, akalipa chumba nusu mwaka. Mtu mpole, mrefu, anasalimia huku anatazama chini. Nilimuona kama mara tano hivi.

Mtauliza, mlikaaje miezi mitatu bila kumuona mtu anayeishi hapo?

Ninyi hamjakaa machimbo.

Mchimbaji wa usiku analala mchana. Na pale mtaani kuna mwiko: mwanamke hagongi mlango wa mchimbaji aliyelala. Wanasema ukimshtua, dhahabu inakimbia. Sijui nani alianzisha, lakini wote tuliufuata, hata mimi niliyekuwa nasoma sayansi jioni. Mlango wa Nestory ukifungwa, sisi tunapita kwa kunyata.

Joram, mchimbaji wa chumba cha mwisho, alikuwa na maneno mengi.

"Shemeji, Nestory vipi? Siku hizi hata hatoki kutusalimia."

"Unaniuliza mimi? Si muulize mwenyewe."

"Haya bwana. Pishi limemkolea."

Anacheka, anaenda zake. Mimi nikadhani ni utani tu, maana Joram kila mwanamke kwake ni shemeji.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Mwezi wa pili Imelda alianza kukosa shule. Siku mbili, siku tatu. Akija, analala juu ya daftari. Mwalimu Beatrice akampa barua ya kumwita mzazi.

Jioni ile Imelda akaja kwangu na barua mkononi.

"Shikamoo Mama Magige."

"Marahaba mama."

"Baba yuko usingizini. Amesema uniandikie wewe majibu, yeye mwandiko wake mbaya."

Nyie, niliona fahari. Wiki ile ile tulikuwa tumefundishwa barua rasmi. Anwani pembeni, tarehe, YAH kwa herufi kubwa, mstari chini yake kwa rula. Nikatoa karatasi yangu nzuri. YAH: MTOTO IMELDA KUKOSA MASOMO. Nikaandika kwamba alikuwa anamuuguza mdogo wake, kwamba mimi mzazi nimeliona tatizo na nitalirekebisha. Chini nikaacha nafasi ya sahihi. Imelda akaingia ndani nayo, akatoka imesainiwa.

Niliandika barua tatu.

Tatu. Na wakati huo huo nilikuwa mjumbe wa Dawati la Ulinzi wa Mtoto pale shuleni. Wazazi walinichagua kwa sababu nashinda pale na watoto wananizoea. Tulipewa semina ya siku moja. Tukaambiwa ukiona mtoto anachoka, anakosa, anajibu kama mtu mzima, uliza. Niliandika yote hayo kwenye daftari. Mwandiko mzuri kabisa.

Siku niliyojua ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa nne.

Magige aliamka na tumbo. Nikamtoa nje kumpeleka chooni, saa kumi na moja kasoro, mvua inanyunya. Tunarudi, nikaona kitu kizingitini kwa jirani.

Imelda. Amechuchumaa. Mikono yake imeingia ndani ya gambuti kuukuu za baba yake mpaka kwenye viwiko.

Ko. Ko. Ko.

Akazivua, akaziweka sawa, ncha zikitazama nje. Akafunika mdomo na mkono na kukohoa. Sijui alikuwa anakitoa wapi kile kikohozi kwenye kifua kidogo namna ile.

Akageuka, akaniona.

Hakukimbia. Alisimama, akashusha gauni lake, akasema, "Shikamoo Mama Magige. Baba ndiyo anaingia kulala."

Nilimshika Magige mkono, nikampita Imelda, nikaingia chumbani kwao. Mwiko nimeuvunja, liwalo na liwe.

Kitanda cha Nestory kilikuwa kimetandikwa. Blanketi limenyooshwa, koti limetundikwa msumarini. Domitila amelala chini kwenye godoro, kajikunja. Kwenye kona kuna sufuria moja, ndani yake maharage machache yamelowekwa.

"Baba yako yuko wapi?"

Akainama, akamfunika mdogo wake.

"Imelda. Mimi siyo mwalimu. Yuko wapi?"

"Alienda kwenye rashi upande wa Serengeti. Alisema wiki mbili."

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza unaisha."

Nikakaa kwenye kile kitanda.

Alinieleza taratibu, kama anayesoma. Simu ya baba haipatikani. Alfajiri, baada ya kugonga gambuti, anawachotea maji mama ntilie wa kule kwenye mwalo, wanapooshea mchanga wa dhahabu. Wanampa chakula na hela kidogo. Anarudi, anamwandaa Domitila. Akichelewa, hawaendi shule.

"Na gambuti?"

"Kuna mkaka mmoja alimuuliza Domitila, baba yenu yupo? Akauliza tena siku nyingine. Ndiyo nikaanza."

"Kwa nini hukuniambia mimi, Imelda? Niko hapa hapa."

Akamtazama mdogo wake.

"Sisi tulikuwa watatu," akasema. "Mama alipofariki watu wazima walikaa kikao. Kaka yangu akachukuliwa na baba mkubwa, wakasema ni kwa muda. Hatujamuona tena. Mama Magige, ukisema, watatugawana."

Halafu akasema, "Niahidi."

Na mimi, mjinga mimi, nikaahidi.

Siku kumi na moja nilikaa na ile ahadi.

Nilijipa moyo kwamba nawasaidia. Uji nikawa namwekea Imelda kikombe cha pili. Jioni napitisha ugali. Nilimkataza kwenda mwaloni, akaitikia, na alfajiri nikasikia ndoo ikiondoka.

Mchana kwenye Dawati tulifungua sanduku la maoni, mimi na Mwalimu Beatrice, tukasoma vikaratasi vya watoto. Fulani ananivuta nywele. Choo hakina mlango. Nami nimekaa pale na siri kubwa kuliko sanduku zima, nanyamaza.

Niwaambie kitu cha aibu. Sikunyamaza kwa ajili ya Imelda peke yake. Niliogopa zile barua. Nilijua zikijulikana, uji sipiki tena, na jioni nitaonekana tapeli mbele ya mwalimu aliyenifundisha kushika rula.

Na usiku nilijua ukuta wa pili hakuna mtu mzima. Wao walikuwa peke yao, na mimi nilikuwa peke yangu. Hata neno la kumsemesha ukuta sikuwa nalo tena.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, watoto wako kwenye foleni ya uji. Domitila akafika mbele yangu na kikombe chake. Kikombe kikaanguka, na yeye akafuata.

Nilimshika paji la uso. Moto.

Imelda alishafika, sijui kapita wapi. Akamwinua, akamweka mgongoni. Mwalimu wa zamu akauliza, "Unampeleka wapi?"

"Nyumbani. Baba yupo, atampeleka zahanati."

"Haya, fanya haraka."

Akaondoka na mdogo wake mgongoni, miguu ya Domitila inaning'inia hadi kwenye magoti yake. Mwalimu wa zamu akarudi kwenye foleni. Hakuwa mtu mbaya. Alishaambiwa kuna baba.

Katika uwanja mzima, mtu mzima pekee aliyejua kule nyumbani hakuna mtu alikuwa ni mimi, na mwiko wa uji mkononi.

Niliuweka mwiko chini.

Niliwakuta karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, inapiga kelele mpaka husikii unachosema. Nikamchukua Domitila. Imelda akawa ananivuta kanga, analia sasa, kwa mara ya kwanza namuona analia kama mtoto.

"Uliahidi. Mama Magige, uliahidi."

"Niliahidi vibaya," nikamwambia.

Zahanati walimpima, malaria kali. Nesi akasema mngelala naye leo nyumbani, kesho tungeongea mengine. Alimwekea dripu. Nilikaa mpaka macho yake yakafunguka na akaomba maji. Kisha nikamwacha Imelda pale kitandani, nikarudi shule.

Ofisini walikuwepo Mwalimu Mseti, ambaye ndiye mwalimu mkuu, na Mwalimu Beatrice anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, nina neno la Dawati," nikasema. "Na mimi mwenyewe nimo ndani ya hilo neno."

Nikasema yote. Rashi, gambuti, maji ya mwaloni, yule mkaka anayeuliza. Nikafika kwenye barua. "Zile barua tatu za Baba Imelda niliandika mimi. Sikujua hayupo. Lakini nilipojua, nilikaa siku kumi na moja."

Mwalimu Mseti alivua miwani. Mwalimu Beatrice hakuinua kichwa.

"Nilijua ni wewe," akasema.

Nikamtazama.

"Eunice, nimekufundisha mimi. YAH yako unapiga mistari miwili. Nilijua tangu barua ya kwanza."

"Sasa mwalimu, kwa nini hukuniuliza?"

Hapo ndipo alipoinua kichwa, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nilidhani wewe ndiye mama yao. Nilidhani umeolewa na yule baba. Nikasema kimoyomoyo, afadhali, wale watoto wamepata mtu, tena mtu wa Dawati. Nikaacha kufuatilia."

Shemeji. Pishi limemkolea. Mtaa mzima ulidhani hivyo. Mama ntilie wa mwaloni walidhani hivyo, ndiyo maana walimpa kazi mtoto bila kuuliza. Mwenye nyumba alidhani hivyo. Wachimbaji wa duara la Nestory walidhani kahamia duara jingine, maana gambuti zinasikika. Kila mtu aliwaona wale watoto, na kila mtu alikuwa na mama wa kuwapa kichwani mwake.

Mama huyo alikuwa ni mimi. Na mimi nilidhani wana baba.

Afisa ustawi wa jamii alikuja kesho yake, dada mmoja mchapakazi, pikipiki imejaa tope. Alisema kituo cha kulelea watoto kina nafasi ya mtoto mmoja, mwingine atatafutiwa kwingine, kwa muda.

Imelda aliposikia "kwa muda" alinitazama. Sitaki kuelezea yale macho.

"Nawachukua wote wawili," nikasema.

"Dada, una chumba kimoja, una mtoto, na jioni unasoma."

"Ndiyo. Na mlango wao uko hatua nne kutoka wangu."

Mwalimu Beatrice akasema atasimama na mimi, na jioni watoto watakaa darasani nyuma wakati sisi tunasoma. Ilichukua wiki tatu za maswali, fomu, mwenyekiti wa kitongoji, na mpaka kukaguliwa sufuria. Wakaniandika familia ya kuaminika, kwa majaribio, nikitembelewa kila mwezi.

Mwalimu Mseti alinitoa kwenye Dawati kwa muhula mmoja. Uji aliniachia. "Kosa ni kosa, Mama Magige," alisema. Alikuwa na haki. Na akaweka utaratibu mpya: barua ya mzazi haitoshi, mwalimu wa darasa amuone mzazi kwa macho yake, hata kama ni mchimbaji na amelala.

Mtaani hawakunipenda. Walisema nimeleta serikali. Wanawake niliokuwa nachota nao maji wakawa wanachota mapema, nikifika kisimani nakuta tope na nyayo tu. Joram ndiye pekee aliyekuja, akasimama mlangoni, kofia mkononi, bila utani.

"Mama Magige, mimi nilikuwa nazisikia zile gambuti. Nilisema, jamaa huyo yupo."

"Hata mimi, Joram."

Nestory hajapatikana. Polisi wana jina lake. Mtu mmoja alisema alimuona upande wa Serengeti mwezi wa tatu, mwingine alisema siyo yeye. Imelda haulizi, ila mtu mrefu akipita njiani, anaacha anachofanya mpaka ampite.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa umelala kitandani, nikuombe kitu kimoja.

Kuna mtoto mtaani kwako ambaye umeshampa mzazi kichwani mwako. Umedhani shangazi yupo, bibi yupo, baba analala. Kesho nenda ugonge. Ukikuta kweli yupo, mtasalimiana, hakuna aliyekufa kwa kusalimiwa. Ukikuta hayupo, nenda shuleni, nenda ustawi, piga 116, ni bure. Na mtoto akikwambia "niahidi hutasema," mwahidi kwamba hutamwacha peke yake. Hiyo ndiyo ahadi ya mtu mzima. Ile nyingine niliyoitoa mimi nusura imuue Domitila.

Wiki za kwanza kwangu Imelda hakutulia. Anaamka kabla yangu, ameshawasha jiko. Anafua nguo za Domitila, za Magige, na zangu. Nikimwambia kalale, analala macho wazi anausikiliza mlango. Nilimuuliza yule dada wa ustawi nifanye nini. Akasema, usifanye kitu, mzoeshe tu kwamba wewe upo.

Basi nikawa nipo. Siku zote, nipo.

Mwezi wa nane, Jumamosi, jua limetoka. Nilikuwa nimekaa mlangoni na daftari la historia. Imelda anasugua sufuria. Nje wasichana wa darasa lake wamefunga mpira wa matambara, wanapigiana kelele nani aanze katikati.

Akaacha kusugua.

Akatazama. Mimi nikajikausha, macho kwenye daftari, sikusoma hata neno.

Sufuria ilikuwa bado na masizi upande mmoja. Akaiweka chini hivyo hivyo. Akasuuza mikono, akaipangusa kwenye gauni.

"Mama Magige," akasema, "naenda kucheza rede."